Paswedi ya Mwanaidi

Resti mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naiona kwa dirisha hili. Uko uani unasugua raba ulizokwisha kuzisugua jana, na tangu tutoke kanisani sijapata kwako zaidi ya "ndiyo mama" na "hapana mama". Mimi nimejifungia huku mbele dukani. Nimewaambia watu Jumapili sifungui, nimechomoa karatasi kwenye mashine ya fotokopi, nakuandikia kwa mkono. Kompyuta nimeizima. Siku hizi nikiiona imewaka roho inanipanda.

Barua hii nitaichomeka katikati ya khanga zako, uikute chuoni Dodoma. Nafanya hivyo makusudi. Nikikuambia kwa mdomo utanikatiza, ukinikatiza nitakufokea, na kesho alfajiri basi litaondoka tumenuniana.

Habari za kula, kufua, baridi na wanaume siandiki. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka baba yako akaniuliza kama nalipwa kwa neno. Nataka kukuandikia habari ya Mwanaidi mwenzako, maana najua ndiye anayekunyima usingizi. Na hata mimi, ni yeye anayeninyima wa kwangu.

Jana ulisimama mlangoni hapa ukasema, "Mama, mimi siendi. Tuliomba chuo wote, nitakwendaje peke yangu?" Nikakujibu vibaya. Nikakuambia acha ujinga, kapange nguo. Sikuwa na jibu lingine, Resti. Ungebaki pale kidogo tu ungeniona nalia, na sikutaka unione nalia ukadhani nimekubaliana na wewe.

Naiandika yote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua. Mambo haya watu wameshaanza kuyasimulia kwa namna yao, na ipo siku utaulizwa. Uwe na maneno ya mama yako mkononi.

Kazi yangu unaijua, umekulia ndani yake. Mtu anatoka Mkwaja, au Pangani, au Muheza huko ndani, anashuka na bahasha ya vyeti kwapani, anauliza steshenari ya Mama Resti iko wapi hapa Usagara. Anataka kuomba chuo, au kazi, au cheti cha kuzaliwa. Mfumo unataka barua pepe, hana. Namfungulia. Mfumo unataka paswedi, ananitazama usoni. "Weka yoyote tu, mama. Weka utakayoikumbuka wewe." Kauli hiyo nimeisikia mpaka nimeizoea. Ndivyo tufanyavyo, mimi na wenye steshenari wenzangu wengi mji huu. Mteja anaondoka na karatasi zake, paswedi inabaki dukani, na siku akitaka kutazama majibu anarudi: "Mama Resti, hebu nifungulie." Hakuna anayeona ajabu. Kwao ni sehemu ya huduma, na kwangu pia ilikuwa hivyo.

Zamani nilikuwa nawawekea wote paswedi moja. Ulipokuwa kidato cha tatu ukaligundua hilo, ukanijia juu: "Mama, siku mtu akiijua ya mmoja amewajua wote." Ukakaa na simu yangu mchana kutwa, ukaniwekea ile programu ya kutunzia paswedi, ukaiunganisha na kompyuta, ukanifundisha. Tukaiita kabati. Kila mteja nikampa paswedi yake, ndefu, haina kichwa wala miguu, ambayo hata mimi siwezi kuishika. Kabati ndilo lililoshika.

Na nililipenda, nisikufiche. Ulinitengenezea mafungu kwa mahali, Mkwaja peke yake, Pangani peke yake, Chumbageni peke yake. Ndani ya kila fungu majina, na mbele ya kila jina kipicha cha uso, nilichompiga mtu mwenyewe akiwa amekaa kwenye benchi. Maana kina Mwanaidi Salimu pwani hii ni wengi, na uso hauchanganyi. Nikifungua kabati nawaona watu wangu wote wananitazama. Bibi huyu kacheka, kaka yule kanuna kwa sababu nilimwambia avue kofia. Mteja akiingia na wasiwasi wake namgeuzia kompyuta ajione. "Si huyu hapa wewe? Basi tulia." Na wanatulia kweli.

Sasa asubuhi moja nafungua duka, nawasha kompyuta, kabati silo. Limejisasisha lenyewe, halikuniuliza. Kila kitu kimekuwa cheupe, maandishi yamekuwa membamba, ya kijivu, kama mwandishi anaogopa kumaliza wino. Kitufe cha kuongezea kilichokuwa juu kimeshuka chini. Cha kutafutia kimejificha nyuma ya vistari ambavyo usipoambiwa huwezi kujua ni mlango. Mafungu yangu hayapo. Nyuso hazipo. Palipokuwa na uso wa Mwanaidi pana nembo ya mfumo wa maombi, ile ile kwake na kwa kila aliyeomba chuo. Watu wangu wamepangwa kwa tovuti, majina yamesukumwa chini kwa herufi za sisimizi. Na juu kabisa, kwa bashasha, limeandika: karibu kwenye muonekano mpya, tumekurahisishia.

Niliitukana ile kompyuta kwa Kishambaa nilichookota utotoni, mpaka mama mmoja aliyekuwa anasubiri fotokopi akaangua kicheko. Nikacheka na mimi. Nilikuwa bado sijui.

Ndipo kabati likaniletea swali. Limeona nina vitu vingi vya mahali pamoja, lingependa kunipangia, nakubali? Chini yake palikuwa na mstari mwingine mdogo, sikuusoma. Mlangoni watu wamejaa, mashine imetafuna karatasi ya mtu, na mimi nilishachoka kutafuta vitu vyangu kwenye ule weupe. Nikaona kupanga ni kupanga: ya huyu yakae pamoja, ya yule pamoja, ndivyo ninavyozipanga karatasi za wateja kila siku. Nikabonyeza kukubali.

Kumbe kupanga kwao ni kubakisha moja. Kwa kila tovuti, iliyotumika karibuni ilibaki, nyingine zote zikafutwa. Waliolitengeneza walijua mtu ana siri zake mwenyewe, basi. Akionekana ana mlango mmoja wenye funguo nyingi, hizo nyingine ni za zamani, zitupwe. Haikuwapitikia kwamba yuko mwanamke Usagara amebeba funguo za watu wa wilaya kadhaa. Kuna siku nawalaumu kwa hilo. Kuna siku najiuliza nani aliniambia nizibebe.

Kwenye mfumo wa maombi ya vyuo, iliyotumika karibuni ilikuwa yako. Jioni ya kuamkia siku hiyo uliniomba nikutazamie kama majina yametoka, nikatazama kwenye mfumo na kwenye barua pepe yako, hayajatoka. Nilipomaliza kwako nilitaka kumtazamia na Mwanaidi. Baba yako akaita kwamba chakula kinapoa, nikasema nitamtazamia kesho. Hiyo ndiyo sababu wewe ulibaki. Hakuna sababu nyingine, na nitaapa popote wanaponitaka niape.

Nilipotafuta pa kurudishia sikupaona. Zamani palikuwa na kapu, kitu ukikifuta kimakosa unakiokota. Kapu lilikuwepo hata sasa, wamelihamisha tu, na nilipolipata baada ya kuhangaika asubuhi nzima lilikuwa tupu, kwa sababu vilivyounganishwa havipiti kapuni. Nikawaandikia wenyewe. Nikapata jibu saa ile ile, nikafurahi, nikasoma. Wanasikitika kusikia nimepata usumbufu, na je, jibu hili limenisaidia? Nikaandika halijanisaidia. Wakasikitika tena, kwa maneno yale yale. Nikaandika mara ya tatu kama ninavyomwandikia mtu, nikaeleza kwamba yupo binti, anaitwa hivi, anatoka kwa watu wa hali ya chini, mlango wake mmoja tu ndio huo. Yule aliyekuwa anajibu hakuwa mtu, Resti. Nilijua hivyo na bado nilimbembeleza.

Wewe ndiye ulinionyesha mahali watu wanapoandika maoni yao juu ya lile kabati. Tukakaa tukasoma, unakumbuka, wewe ukinitafsiria. Dunia nzima inalalamika. Mmoja anasema rangi inamuumiza macho. Mwingine anasema zamani alikuwa anabonyeza mara moja, sasa lazima kidole kizunguke. Mwingine anataka kurudishiwa kitufe chake cha juu, ameandika kwa hasira utadhani kaibiwa mke. Mwanzoni nilifarijika, nikaona tuko wengi. Halafu nikaendelea kusoma, nikitafuta mmoja tu aliyepoteza kitu cha mtu mwingine. Sikumpata. Wote walikuwa wanalilia vya kwao.

Majina yakatoka. Wewe na Mwanaidi mmechaguliwa, wote wawili, uuguzi, chuo kile kile mlichokiota tangu mko darasa moja. Mlirukaruka hapo uani mpaka jirani akatoka. Na mlikuwa mmechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, kwa hiyo ilibidi kila mtu athibitishe anakokwenda, kwa namba inayotumwa kwenye barua pepe. Yako tukaifungua, tukaithibitisha kabla chai haijapoa. Ya Mwanaidi niliifungua mimi hapa dukani siku ile ile mlipoomba, na paswedi yake nayo ilikuwa kabatini, ikafutwa pamoja na zile nyingine. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona. Sikumwonyesha.

Tuliyoyafanya uliyaona. Tukabahatisha mpaka mfumo ukatufungia. Tukaomba namba ya kufungulia itumwe kwa simu, na simu tuliyoandika ilikuwa ya mjomba wake wa Mkwaja, laini aliyokwisha kuitupa, maana Mwanaidi wakati ule hakuwa na simu. Nikapiga chuoni. Kaka aliyepokea alikuwa na adabu zake, akasema, "Mama, nakuelewa kabisa, ila mfumo hauniruhusu." Nikapiga tena kesho yake, akanitambua sauti, akasema vile vile. Siku ya mwisho Mwanaidi alikaa kwenye benchi hili tangu asubuhi, mikono mapajani. Kila nikijaribu kitu anainua macho, nikishindwa anayashusha. Jioni dirisha la kuthibitisha likafungwa. Nikamwambia, "Mwanangu, limefungwa." Akasema, "Asante mama, umejitahidi."

Ningependa angenitukana.

Hiyo nafasi ilikuwa ya mwaka huu tu kwake, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Mjomba ndiye anayemsomesha. Aliuza shamba lake la minazi ili mwaka huu iwe zamu ya Mwanaidi, na mwakani ni zamu ya mwanawe mwenyewe. Shamba jingine hana. Kwa hiyo watu wakisema "si ataomba tena mwakani," waache waseme, hawajui wanachokisema. Ataomba, na pengine atachaguliwa, na atakaa na hilo jina lake lililochaguliwa.

Mtaani unajua wanavyosema. "Wa kwake kapita." Maneno matatu tu hayo, wanayasema kwa upole, hata hawagombi. Nilikwenda sokoni kununua nazi, dada mmoja namfahamu miaka, nilimwombea hata kazi mumewe, akanisogelea akaniuliza, "Ati Mama Resti, kwani hilo kabati lako lilichaguaje?" Nikamweleza. Akaitikia kwa kichwa muda wote ninapoeleza. Nilipomaliza akasema, "Haya." Nikarudi nyumbani bila nazi, na jioni ile mkala mchuzi mkavu, mkadhani nimesahau.

Halafu akaja Bi Saumu, mama yake Mwanaidi. Wewe ulikuwa umetumwa Chumbageni kwa shangazi. Alitoka Mkwaja asubuhi na mapema, akafika hapa kajifunga khanga yake vizuri, kapiga hodi mlangoni ingawa mlango ulikuwa wazi. Nikamkaribisha, nikamwekea kiti, nikampa maji. Tukaulizana habari za huku na za kule, za watoto, za mvua.

"Nimekuja nielewe tu," akasema. "Mwanaidi kanieleza, lakini mie sikufahamu vizuri. Hiyo mashine haiwezi kukumbuka tena?"

"Haiwezi, Bi Saumu."

"Na weye hukumbuki?"

"Sikumbuki. Ilikuwa ndefu, sikuishika."

Akaitazama kompyuta, akanitazama mimi.

"Siri ya mwanangu," akasema taratibu, "alikuwa hana yeye, sina mie, alikuwa nayo weye. Na weye ukampa huyo. Huyo ni nani?"

Nikamwongezea maji. Yule mama hajasoma hata darasa moja na alikuwa ameuliza swali ambalo mimi sikuwahi kujiuliza. Akanywa maji yake, akanishukuru kwa kuhangaika, akaondoka. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Hakutaka nimsindikize zaidi.

Usiku, sikulala, nikamkumbuka bibi yako, mama yangu. Hukumwahi. Sisi tulikulia kambi ya shamba la mkonge, baba yangu alikuwa mkataji, alikuja huku kutoka Songea akiwa kijana. Kambini barua zote zilikuwa zinafika ofisini kwa karani, na wasiojua kusoma walikuwa wanasomewa na karani pale pale dirishani. Mama alikuwa mmoja wao. Baba alirudi kwao kumwuguza kaka yake, na siku barua ilipofika mama akaenda dirishani na mimi nimeshika khanga yake. Watu wengine nao walikuwa wanasubiri za kwao. Karani akafungua, akapitisha macho, akajua. Tukaona anajua. Nyuma yetu watu wakaanza kunong'ona kabla mama hajaambiwa kitu. Kwamba mumewe amefariki alikuwa wa mwisho kulisikia, na barua ni yake.

Karani alikuwa mtu mwema, wala simsemi vibaya. Alifunga ofisi akatusindikiza nyumbani. Lakini mama, miaka mingi baadaye, tunachambua mchele, akasema tu, "Ningejua kusoma ningelia kwanza peke yangu." Akaendelea kuchambua. Mimi nikajiapia nitasoma, na watoto wangu watasoma, na nikasoma. Kisha nikafungua dukani kwangu dirisha kama lile, nikakaa upande wa ndani.

Hilo ndilo linalonitafuna, kuliko kile kitufe. Kitufe ni haraka ya asubuhi moja. Kumfundisha Mwanaidi ajiwekee paswedi yake mwenyewe kungenichukua muda wa kuchemsha chai. Kwa nini sikumfundisha? Watu nawaambia ni kwa sababu hawawezi, wanasahau, wanapoteza. Uongo mtupu, binti aliyefaulu kemia hawezi kukumbuka neno lake? Sikumfundisha kwa sababu nilipenda warudi. Biashara, ndiyo, lakini si biashara tu. Nilipenda kusikia "Mama Resti, hebu nifungulie". Nilipenda kuwa mtu ambaye bila yeye mambo ya watu hayaendi. Nilikuwa naona huo ni wema, na watu walinisifu kwa wema, na mimi nikaamini.

Wewe utakuwa muuguzi. Watu watakuja kwako na siri za miili yao, na watakuambia kama walivyoniambia mimi: shika wewe, sista, kumbuka wewe, sisi hatujui. Itakuwa tamu. Sikukatazi, maana hata sijui mtu anazuiaje utamu huo. Nakuambia tu, mimi utamu huo ulinipata nikiwa mtu mzima, mama wa watoto, naenda kanisani, na sikuujua.

Na wewe usijitie kwenye hili. Nimekuona unavyojilaumu kwamba wewe ndiye uliyeleta hilo kabati nyumbani. Uliniletea kitu kizuri ili nisiwahatarishe watu, ukanionya, ukanifundisha. Aliyebonyeza ni mimi. Aliyesema kesho ni mimi. Wala nafasi ya Mwanaidi haikuhamia kwako. Imekwenda kwa mtu tusiyemjua, ambaye hana habari na sisi, na Mungu amsaidie asome. Ukibaki hapa hutamrudishia kitu. Mtakuwa wawili mliokosa, na mimi nitakuwa nimewakosesha wote. Hilo sitaliweza, Resti. Nakuomba uende kwa ajili yangu kama huwezi kwenda kwa ajili yako.

Umeniuliza kama steshenari nitaiendeleza. Sijui. Fotokopi wanakuja, picha za pasipoti wanakuja. Wa maombi wamepungua, wanapita kwa jirani, na kwa jirani wanasema vile vile, weka utakayoikumbuka wewe. Nimewasikia kwa masikio yangu. Nilitaka nitoke nikawaambie, nikaona nani atanisikiliza mimi sasa. Baba yako anasema yatapita. Baba yako ni mtu mzuri na kila kitu kwake kinapita.

Kuna jambo sijakuambia. Alhamisi Mwanaidi alikuja. Wewe ulikuwa umekwenda kuchukua cheti cha afya. Nilikuwa peke yangu, nikasikia "Shikamoo mama", nikageuka, yeye. Amekonda. Nikaitikia marahaba, nikamwuliza habari za nyumbani, akasema njema. Nikamwambia Resti anaondoka Jumatatu, msubiri, hatakawia. Akasema ana haraka, nikwambie usafiri salama. Nilijua hana haraka, na yeye alijua ninajua.

Akasema anataka kufungua barua pepe mpya. Ataomba tena mwakani, ada ikipatikana isipopatikana. Nikavuta kiti upesi, nikashika kibodi, nafurahi kama mjinga kwamba kuna kitu naweza kumfanyia. Akasema, "Hapana mama, naomba niandike mwenyewe." Nikampisha. Akaandika jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, namba yake ya simu, laini yake mwenyewe sasa, simu kaazimwa na binamu. Nimesimama nyuma yake. Ukurasa ukafika pa kuweka paswedi.

Akaacha kuandika. Nikadhani amekwama, nikainama nimsaidie. Akasema, "Mama, naomba ugeuke kidogo."

Alisema kwa heshima zote, hakuinua hata sauti. Nikageuka. Nikatazama rafu ya bahasha, nikasikia vidole vyake nyuma yangu, polepole, anaandika, anafuta, anaanza upya. Nikamwuliza, "Tayari?" Akasema, "Bado, mama." Nikaendelea kusimama vile vile, mwanamke mzima katika duka lake mwenyewe, naangalia bahasha. Alipomaliza alifunga kila kitu, akanishukuru, akaondoka. Sikumgeukia upesi.

Resti, yako ninayo. Ya mfumo, ya barua pepe, na ile ya simu nimekuona ukiibonyeza mara nyingi, naijua kwa vidole. Ukifika Dodoma, kabla hujafungua hata begi, kaa mahali peke yako uzibadilishe zote. Weka unazozijua wewe. Nitakupigia, na baada ya salamu nitazungukazunguka, nitasema isije ukasahau, nitasema mimi ni mama yako. Najijua, nitakuuliza. Usiniambie.

Mama